Foleni ya Central Park na Sikio la Mtu wa Mwisho

Agosti 2025 ukumbi wa wazi wa Delacorte, ndani ya bustani ya Central Park jijini New York, ulifunguliwa upya baada ya ukarabati uliogharimu dola milioni 85. Tamthilia iliyoufungua ni Twelfth Night ya Shakespeare, chini ya uongozaji wa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Lupita Nyong'o aliigiza Viola. Mdogo wake, Junior Nyong'o, akawa Sebastian, yule pacha anayedhaniwa amekufa maji. Na pacha hao, wametupwa na bahari kwenye nchi ya ugenini, walizungumza Kiswahili jukwaani, mbele ya viti zaidi ya 1,800 ambavyo havina paa.

Lilikuwa jambo la fahari kwetu, na wengi walilisherehekea hivyo. Lakini fahari ya jina kubwa hupita upesi. Kinachobaki kinatufaa zaidi: namna ya kuchukua tamthilia ya miaka 400 iliyopita, kuiweka kwenye bustani ya umma, bila kiingilio, na ikasikika. Kwa maoni yangu tamasha la namna hii lipimwe kwa watu wawili tu. Wa kwanza ni yule wa mwisho kwenye foleni ya tiketi. Wa pili ni yule wa mwisho kwenye safu za viti. Huyo wa foleni akiwa amepewa nafasi ya haki, na huyo wa safu ya nyuma akiwa amesikia kila neno, tamasha limefaulu hata kama hakuna mwigizaji anayejulikana. Mmoja wao akiachwa, hakuna nyota wa kuziba pengo hilo.

Neno "bure" ndilo lililolizaa tamasha la Central Park. Joseph Papp, mtayarishaji wa tamthilia, alianza kuonyesha Shakespeare bila kiingilio mwaka 1956 kwenye jukwaa la wazi kando ya mto East River, New York. Mwaka uliofuata akapakia jukwaa kwenye lori, akazunguka nalo mitaani hadi likatua Central Park. Mwaka 1959 Robert Moses, kamishna wa bustani za jiji, alimwekea sharti: watu watozwe dola 1 au 2, na sehemu ya fedha hizo ikatengeneze nyasi zilizokuwa zikikanyagwa. Papp akakataa. Alikwenda mahakamani akashindwa, akakata rufaa akashinda. Juni 1962 Delacorte, ukumbi wa kudumu uliopata jina kwa mchapishaji George Delacorte aliyechangia dola 150,000, ukafunguliwa kwa The Merchant of Venice. Sisi tunaijua tamthilia hiyo kama Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969.

Kwenye mvutano ule Moses hakukosea kuhusu nyasi. Alikosea kuhusu mlango. Watu 1,000 wakikaa usiku tano mfululizo kwenye uwanja uleule, udongo unashindiliwa, hewa haifiki kwenye mizizi, na mvua inayofuata inatuama badala ya kuzama. Udongo uliolowa huumia haraka kuliko mkavu, kwa hiyo onyesho moja baada ya mvua laweza kuharibu kuliko maonyesho kumi ya kiangazi. Ukitandika mbao au maturubai ukayaacha siku tatu, nyasi chini yake zinageuka njano. Dawa yake inajulikana: mbao zitandikwe asubuhi na kuondolewa usiku uleule, sehemu ya kukaa ihamishwe kila wiki, hakuna nguzo inayopigiliwa ndani ya duara la kivuli cha mti kwa sababu mizizi inayonyonya imejaa hapo, na siku uwanja umelowa chapachapa, watu wasiketishwe kabisa. Haya yote yana gharama. Lakini gharama ya nyasi iko kwenye bajeti ya tamasha, pamoja na umeme na mishahara. Ukiihamishia kwa mtu anayekuja kutazama, unaanza kuchagua ni nani anaruhusiwa kukanyaga bustani yake mwenyewe.

Sasa foleni. Tiketi za Central Park hugawiwa siku hiyohiyo ya onyesho, saa 6 mchana, mbili kwa kila mtu, na wenye hamu hupanga mstari tangu bustani inapofunguliwa saa 12 asubuhi. Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo watu wengi huikosea. Tuseme viti 900 vimetengewa foleni. Kwa kuwa kila mtu huchukua viwili, foleni inayofaa kungoja ina watu 450 tu. Mtu wa 451 anapoteza siku. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msimamizi ni kutembea kwenye mstari kila baada ya muda, kuhesabu vichwa, na kumwambia mtu kwa upole mahali ambapo matumaini yanaishia. Mahali pengi kazi hii huachwa kwa kuona haya. Matokeo yake watu mia mbili hukaa juani saa nne kwa kitu ambacho hakipo, na hasira yao humwangukia kijana wa dirishani ambaye hana kosa.

Kanuni ya pili ni kwamba hakuna kumshikia mtu nafasi. Kila anayetaka tiketi awepo mwenyewe, na akitoka aage jirani zake kwa sababu ya choo tu. Ukilegeza hapo, foleni inageuka soko. Tiketi ya bure inayotamaniwa na wengi hupata bei mara moja: watu hulipwa kusimama kwa niaba ya wenye nazo, na nyingine huishia mtandaoni. Mwaka 2010, msimu ambao nyota wa filamu Al Pacino alicheza Shylock, mkopeshaji wa Mabepari wa Venisi, pale Central Park, biashara hiyo ilipamba moto hadi mwanasheria mkuu wa jimbo akaingilia kati.

Hata foleni ikiwa safi, bado ina upendeleo ambao haukuandikwa popote. Nani anaweza kukaa kwenye nyasi saa sita siku ya Jumatano? Mwanafunzi aliye likizoni, mstaafu mwenye afya, mtalii. Muuguzi wa zamu hawezi. Mpishi hawezi, wala mama wa mtoto mchanga. Bure ya fedha imekuwa bei ya muda, na muda wa maskini ni ghali kuliko tunavyokubali kusema. Ndiyo sababu waandaaji wa New York waliongeza njia nyingine: bahati nasibu kwa simu, tiketi zinazogawiwa katika sehemu nyingine za jiji mbali na Manhattan, na foleni ya jioni kwa viti vinavyobaki. Ningekuwa napanga tamasha jipya, ningegawa hivi: asilimia 40 ya viti kwa foleni, 40 kwa bahati nasibu, na 20 zipelekwe mitaani, kwenye maktaba, vituo vya afya na shule, zigawiwe na watu wanaojuana na wanaogawiwa. Foleni isifutwe kabisa. Saa zile sita zinatengeneza kitu ambacho simu haikitengenezi: watu wasiojuana wanakula pamoja, wanaelezana kisa, na wanaingia ukumbini wakiwa tayari ni kundi moja.

Kitu kingine cha kukumbuka kuhusu bure ni utoro. Mtu ambaye hajalipa haoni hasara akibadili mawazo saa 11 jioni wingu likitanda. Viti vinabaki wazi huku watu wamesimama nje ya uzio. Kwa hiyo tangazo liandikwe kwenye tiketi yenyewe: dakika 10 kabla ya kuanza, kiti kisicho na mtu kinatolewa kwa anayesubiri. Na kanuni hiyo ifuatwe hata anayechelewa akiwa mtu mzito.

Pia hakuna haja ya kudanganyana kwamba bure inatosha kwa wote. Chukua viti 1,800 kwa usiku 34 na uvijaze vyote: ni watu kama 61,000. New York ina wakazi zaidi ya milioni 8, kwa hiyo aliyepata kiti ni chini ya mtu 1 katika kila 100. Na vingine hutengewa wanaochangia fedha. Fedha lazima zitoke mahali, na mfadhili naye hakosi neno. Mwaka 2017 onyesho la Julius Caesar katika bustani hiyohiyo lilimvisha Kaizari sura iliyofanana na rais wa Marekani wa wakati huo. Wadhamini wawili wakubwa wakajitoa, na baadhi ya maonyesho yakavurugwa na waandamanaji. Tamasha halikufa kwa sababu halikuwa limemtegemea mdhamini mmoja. Anayepanga bajeti achukue hilo kama kipimo: mfadhili yeyote akiondoka leo, je, onyesho la kesho litafanyika? Jibu likiwa hapana, mgawanyo haufai.

Tuje kwenye sikio, maana hapa ndipo maonyesho mengi ya nje hufia.

Ukumbini kuta na dari hurudisha sauti. Bustanini sauti ikitoka imekwenda. Kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu yake hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi. Mwigizaji mwenye kifua anayetupa sauti vizuri hutoa kama desibeli 80 ukiwa mita 1 mbele yake. Mita 2, 74. Mita 4, 68. Mita 8, 62. Mita 16, 56. Mita 32, 50. Bustani ya katikati ya jiji, yenye magari barabarani na ndege juu, huwa na kelele za kati ya 50 na 55 hata pale unapodhani pamenyamaza. Ili maneno yaeleweke, si kusikika tu, sauti inapaswa kuizidi kelele kwa desibeli 10 au zaidi. Kwa hiyo bila vipaza sauti mpaka wako uko kati ya mita 6 na 10. Nusu duara ya mita 10 inakaa watu 150 hivi kwa starehe. Kikundi kinachowaalika watu 600 na kuamini kwamba waigizaji "watapaza" kinawadanganya watu 450.

Ukivuka hapo unahitaji maikrofoni kwa kila mwigizaji, na kazi inabadilika. Maikrofoni yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, hubandikwa kwenye ukingo wa nywele au juu ya shavu, na waya hushuka mgongoni hadi kisanduku cha kurushia mawimbi kiunoni. Adui wake ni jasho. Tone moja likiziba kitundu, sauti inakuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Mafundi hupindisha waya kwa kitanzi kidogo kabla ya kichwa cha maikrofoni ili jasho lidondoke hapo, na kisanduku hukivalisha kondomu isiyo na mafuta kwa sababu hakuna kifuko kingine chembamba, cha bei nafuu na kisichopitisha maji kama hicho. Betri mpya kila usiku, hata ile ya jana ikisoma nusu. Upepo unahitaji sifongo, na kofia yenye ukingo mpana hurudisha sauti ya mwenyewe kwenye maikrofoni ikasikika kama anaongea ndani ya ndoo.

Twelfth Night ina mtego wake maalumu kwa fundi sauti. Mwishoni pacha wanakutana baada ya kila mmoja kuamini mwenziwe amezama. Wanakumbatiana, na maikrofoni mbili zinakuwa na sentimita tano kati yao. Kila sauti inaingia mara mbili kwa tofauti ndogo ya wakati, mawimbi yanagongana, na neno linatoka likiwa na uwazi ndani yake kama linasemwa kwenye bomba. Ni sekunde ambazo watu wamezingoja usiku kucha. Fundi lazima aijue mistari kama waigizaji wenyewe: kidole kwenye kitelezi, anaifunga maikrofoni ya mmoja kabla mikono haijakutana, anaacha moja iwabebe wote wawili, na anafungua ya pili wanapoachana. Akichelewa nusu sekunde, kilio cha furaha kinageuka mkwaruzo.

Halafu kuna spika za katikati. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Ukiweka spika mita 20 kutoka jukwaani ili kusaidia safu za nyuma, na usiicheleweshe, umeme unaifikisha sauti hapo kabla ya ile ya jukwaani. Mtu wa nyuma anasikia kila neno mara mbili, la kwanza likitoka kwenye nguzo ya pembeni na la pili mdomoni mwa mwigizaji. Icheleweshe milisekunde 58, kisha ongeza 10 hadi 15. Nyongeza hiyo ndogo huifanya sauti ya jukwaani itangulie kidogo, na sikio huamini kwamba kila kitu kinatoka kwa mwigizaji. Ni marekebisho ya dakika kumi, na ni aibu kuona yanavyosahaulika.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu ya jinsi Kiswahili kilivyojengwa. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na irabu ndiyo sehemu ya sauti inayosafiri mbali. Konsonanti za juu kama s, f na t ndizo zinazoliwa na upepo. Kwa hiyo Kiswahili hubeba vizuri nje. Hatari iko kwenye viambishi. "Anampenda" na "ananipenda" zinatofautiana kwa silabi moja isiyo na mkazo, na nazali, yaani m na n, ni sauti za chini zinazozama kwa urahisi kwenye mvumo wa jiji. Na Twelfth Night yote ni habari ya nani anampenda nani kimakosa: Orsino anampenda Olivia, Olivia anampenda Viola akidhani ni mwanamume, Viola anampenda Orsino. Mtu wa safu ya nyuma akikosa kiambishi kimoja cha mtendwa, amepoteza kisa.

Kuna jambo zuri zaidi hapo. Kiingereza kinamtambulisha Viola kwa jinsia kila anapotajwa, kwa hiyo ucheshi wa kujigeuza kwake unakaa kwenye viwakilishi. Kiswahili kina "yeye" moja. "Ndugu yangu" halimwambii mtu kama ni wa kike au wa kiume, "pacha wangu" vilevile. Viola wa Kiswahili anaweza kusema ukweli mtupu kuhusu moyo wake, na Orsino asigundue, bila mwandishi kuhangaika na mafumbo. Kwa upande wa pili, pale ambapo Kiingereza kinachekesha kwa kuteleza kwenye jinsia, mfasiri itabidi aubebeshe mzigo huo kwenye maneno ya wito: bwana, kijana, bibie, kaka, dada. Viola akiwa katika mavazi ya kiume akaitwa "kaka" na Olivia, neno hilo moja linatosha kuwachekesha watu wa Mombasa au Tanga. Si kila lugha inampa mwigizaji hazina ya namna hiyo, na sioni sababu ya kuingoja New York ndiyo ituonyeshe.

Mwanga nao una hesabu yake. Maonyesho ya Central Park kwa kawaida huanza saa 2 usiku. Mwishoni mwa Juni jua la New York huzama karibu saa 2 na nusu, kwa hiyo sehemu ya kwanza inachezwa kweupe na giza huingia katikati ya kisa. Mapema Septemba jua limezama kabla ya saa 2, na onyesho lilelile linaanza gizani. Mpangaji wa taa anaandaa onyesho moja lenye mianzo miwili. Kweupe taa hazionekani hata uziwashe zote, na kinachomwambia mtazamaji kwamba sasa ni usiku ni maneno yenyewe. Hapo tamthilia za zamani hushinda za leo: ziliandikwa kwa kumbi zisizo na paa na maonyesho ya mchana, na mwandishi akaweka taa ndani ya mistari. Pwani ya Afrika Mashariki hali ni nyingine. Jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza hufunga ndani ya dakika 25 hivi. Anayetaka machweo yawe sehemu ya onyesho lake ana dirisha hilo tu, na anaweza kulipanga kwa uhakika ambao mtu wa New York hana.

Kuhusu mapumziko, ushauri wangu ni kuyakata. Twelfth Night ya 2025 ilichezwa moja kwa moja, chini ya saa mbili. Fanya hesabu ya vyoo: watazamaji 1,800, tuseme 900 ni wanawake, dakika moja na nusu kila mmoja, mapumziko ya dakika 20. Unahitaji vyoo 68 vya wanawake peke yao. Hakuna bustani yenye navyo. Na ili tamthilia itoshe bila mapumziko, kukata matini ni halali kabisa; Shakespeare alifariki 1616 na hakuna wa kuombwa ruhusa. Hamlet nzima ni saa nne, na bustani ina saa ya kufungwa na mtu wa mbali ana basi la mwisho.

Mvua ndogo haisimamishi onyesho. Kinachosimamisha ni sakafu. Mbao zilizopakwa rangi laini zikilowa huwa kama sabuni, na kwenye pambano la upanga mtu huvunjika kifundo. Rangi ichanganywe na mchanga laini kabla ya msimu, na nyuma ya pazia pawe na vifyonza maji vinne na watu wanne wanaojua kila mmoja anaanzia wapi. Uamuzi wa kusimama ni wa msimamizi wa jukwaa. Mwongozaji asipewe, kwa sababu atataka kumaliza. Radi haina mjadala: ukiona mwanga, hesabu, ngurumo ikija kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi na inaweza kukufikia. Watu watoke chini ya minara ya taa na miti, na kurudi ni baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Umeme wote wa nje upite kwenye swichi inayokata kwa uvujaji wa miliampia 30, na viungio vya nyaya viinuliwe juu ya nyasi, kwa sababu madimbwi hujikusanya palepale ulipoviweka. Miavuli hairuhusiwi, inamziba wa nyuma. Makoti ya mvua yagawiwe.

Kwenye bustani ya Regent's Park jijini London, ambako tamthilia za wazi zimeonyeshwa tangu 1932, watu hulipa, na mvua ikiharibu usiku tiketi hubadilishwa kwa siku nyingine. Aliyeingia bure anastahili heshima hiyohiyo. Alitoa siku nzima. Usiku ukikatwa na mvua kabla ya nusu ya onyesho, apigiwe muhuri kwenye tiketi na aingie siku yoyote ya wiki inayofuata kabla ya foleni.

Maleba yanahitaji seti mbili za kila shati linalogusa ngozi, na spiriti iliyochanganywa na maji ya kunyunyizia yale yasiyofulika. Zaidi ya hapo nguo za nje hazina siri.

Je, sisi tuko wapi? Wapo watakaosema ukumbi wa wazi ni mila ya kigeni. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, karibu na Limuru, walijijengea kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa watu kama 2,000, wakaigiza kwa Kigikuyu mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu walifurika. Ndani ya wiki chache kibali kikafutwa, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa na polisi. Ninapouweka mkasa huo kando ya ule wa Papp na Moses, sioni tofauti ya kipaji wala ya hamu ya watu. Papp alikuwa na mahakama ya rufaa iliyomwambia ofisa wa jiji kwamba amevuka mipaka. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kutumia bustani ya umma leo, Nairobi au Dar es Salaam, kianze na karatasi: kibali cha maandishi cha msimu mzima, si cha usiku mmoja mmoja, chenye sababu zinazokubalika za kukifuta na muda wa kukata rufaa. Kibali cha usiku mmoja mmoja kinamweka mwigizaji mfukoni mwa ofisa.

Matini tunayo. Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, S. S. Mushi akatupa Makbeth na Tufani. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walipeleka The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili kwenye ukumbi wa Globe, London, nao ni ukumbi wa wazi. Angalizo la kisheria: Shakespeare yuko huru, mfasiri bado. Nyerere alifariki 1999, na sheria za Tanzania na Kenya hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo mchapishaji aombwe ruhusa mapema, kabla ya mazoezi kuanza na bango kuchapishwa.

Na kabla ya kukodi chochote, kikundi kiende bustanini siku ya kazi, saa ileile ya onyesho. Mwigizaji asimame pale jukwaa litakapokuwa. Mwenziwe akae safu ya mwisho akiwa na kalamu, mgongo umegeuzwa asione midomo. Asomewe mistari 20 ambayo hajawahi kuisikia, yenye "anampenda" na "ananipenda" zilizochanganywa, naye aandike anachosikia. Akipata 18, jukwaa libaki hapo. Akipata pungufu, isogezwe safu ya mwisho mbele, warudie.